Ulimi wa Tsalal na 1,800 bob za Kondele

Kama hujamaliza ile drama ya tivi, True Detective: Night Country, na bado unapanga kuiona, wacha kusoma hapa hapa juu nitamwaga kila kitu mpaka mwisho.

Kisa kiko hivi. Januari 2024, ndani ya kinyozi kimoja Kondele hapa Kisumu, watu tisa tuliweka 200 bob kila mtu, jumla 1,800, kwa swali moja tu: nani aliweka ule ulimi. Drama ikaisha Februari, swali likabaki vile lilivyokuwa, pesa ikabaki kwa boksi ya mashine ya kunyoa, na mimi niliyekuwa naandika majina nikaambiwa ndio karani kwa hivyo nitoe uamuzi. Nimeuandika wote hapa na sababu zake, juu kuna watu wawili hatujasalimiana vizuri tangu hiyo siku na si vizuri, tunanyolewa kiti kimoja.

Kwa wale hawajui. Hii ni sizoni ya nne, episodi sita tu. Kuna mji wa kubuni unaitwa Ennis, huko juu kabisa Alaska, ambako jua likizama tarehe 17 Desemba halirudi kwa wiki kadhaa. (Hiyo pekee ilituchukua nusu saa kubishana, sisi jua letu linazama saa moja kasoro mwaka mzima, mtu akikwambia saa sita mchana ni giza unaona anakubeba ufala.) Kuna kituo cha utafiti kinaitwa Tsalal, wanasayansi nane wanaume wanaishi pale, siku moja wote wanapotea. Jamaa wa kuleta vitu anaingia anapata tivi inaongea peke yake, nyumba iko wazi, na chini kwa sakafu kuna ulimi wa mtu. Ulimi unapimwa, ni wa Annie Kowtok, mkunga wa pale pale aliyekuwa akipigana na mgodi unaochafua maji ya watu, na Annie aliuawa miaka sita kabla. Mwili wake ulipatikana bila ulimi. Sasa ulimi huo umerudi. Anayepeleleza ni Liz Danvers, huyo ni Jodie Foster, bosi wa polisi wa mji, pamoja na Evangeline Navarro, huyo ni Kali Reis, na hawa wawili hawapendani.

Sisi tulikuwa tunaiona Jumatatu jioni. Ilikuwa inatoka Marekani Jumapili usiku, kwetu hiyo ni Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, kwa hivyo ikifika jioni kuna mtu tayari ako nayo kwa flashi na mwenye kinyozi anafunga mlango nusu, ukitaka kunyolewa saa hiyo utangoja. Baada ya episodi ya pili ndio mambo ya pesa yakaanza. Swali liliandikwa kwa kartoni na biki, "NANI ALIWEKA ULIMI", na chini yake majina na jibu la kila mtu.

Majibu yalikuwa hivi. Watatu walisema Raymond Clark, yule mwanasayansi ambaye hakupatikana pale wenzake walipatikana wameganda uchi kwa barafu. Wawili walisema marehemu mwenyewe. Mimi nilisema Hank, yule polisi mzee, juu sura yake tu ilikuwa inaficha kitu, na fundi viatu wa nje akanifuata kwa Hank kwa sababu ati siku hiyo nilikuwa na bahati, Gor walikuwa wameshinda. Sajini, mzee alistaafu polisi miaka mingi sasa, akasema ni kampuni. Na auntie mmoja ambaye anafanya usafi kwa ofisi za town akasema, "Andika msafishaji."

Tulicheka. Msafishaji gani na hatujaonyeshwa msafishaji? Akatuuliza hao wanaume nane wanaishi pale miaka na miaka, mmeona jikoni ilivyo, mmeona sakafu, ni nani anaosha choo? Tukanyamaza kidogo halafu tukacheka tena. Nikaandika MSAFISHAJI kwa herufi kubwa, kama mzaha.

Nitapita haraka na kampuni ya Sajini. Yeye alikuwa ameona sizoni ya kwanza ya 2014, ile ya Louisiana, na pale kuna familia inaitwa Tuttle. Sasa humu kukatokea kwamba pesa za Tsalal zinatoka kwa kitu chenye jina hilo hilo, na kile kichoro cha mzunguko kama konokono kiko sizoni zote mbili, na kuna mzimu anaitwa Travis ambaye jina lake la ukoo ni Cohle kama yule mpelelezi wa kwanza. Sajini akaona kesi imeisha. Shida ni kwamba hizo kamba zote zinafungwa kwa jina tu, hakuna mtu wa Tuttle anayeonekana akifanya chochote na mikono yake, kampuni inalipa bili basi. Nilimwambia mzee, hata kule kazini kwenu, mwenye kulipa rent ya nyumba si lazima ndiye aliyeua mtu ndani. Akaniambia nimekaa sana kwa kinyozi.

Hank sasa, yangu mimi. Hii iliniuma vibaya. Episodi ya tano haikungoja Jumatatu, waliitoa Ijumaa usiku ya kwao juu Jumapili hiyo Marekani yote ilikuwa inaangalia Super Bowl, na kuna dogo wetu mmoja kutoka Kakamega, mmoja wa wale wawili wa marehemu, akanunua bando akaiona Jumamosi alfajiri, halafu mchana ndani ya matatu ya Kibuye anaambia mwenzake kwa sauti kwamba mtoto wa Hank amempiga babake risasi. Mimi niko siti ya nyuma. Enyewe ningemshusha. Lakini hiyo episodi ilinipa kitu, Hank anakubali kwamba ni yeye alihamisha mwili wa Annie, anakana kumuua. Nikaruka. Kama alihamisha mwili, si alikuwa na mwili mikononi, na si angeweza kukata ulimi uonekane kama onyo kwa wale wengine wa kelele za mgodi? Bado naamini kukata alikata yeye. Lakini bet haikuwa nani alikata. Bet ni nani aliweka, miaka sita baadaye, Tsalal, usiku ule. Na Hank hana sababu hata moja duniani ya kuchukua ushahidi unaomfunga yeye mwenyewe na kuuacha katikati ya sakafu ndio kesi iliyolala iamshwe. Kwa hivyo nimejitoa, na fundi viatu pia nimemtoa ingawa analia.

Sasa hapo ndio nataka kukaa, kwa hiyo miaka sita, na hili si wazo langu, ni la mama mmoja wa Dunga ambaye hata hakuwa ameweka pesa. Anashona nyavu kule ziwani, alikuja kumchukua kijana wake anayenyolewa, akakuta tunarudia episodi ya kwanza. Kuna pahali Danvers anauangalia ulimi na anasema huu ni wa mwanamke mwenyeji, kwa sababu una alama za kulamba uzi tena na tena kama wanavyofanya wakirekebisha nyavu. Mama akasema simamisha. Akasogea mpaka kwa tivi. Akasema sisi hatulambi, nailoni utailambaje, sisi tunakata kwa meno, na akafungua mdomo akatuonyesha jino la mbele, na kweli, lina kanafasi chini, kadogo, saizi ya uzi, kamechimbwa na miaka ya kuuma. Kinyozi yote ikainama kuangalia mdomo wa mama ya mtu. Halafu akauliza swali ambalo sisi wote tisa na kartoni yetu hatukuwa tumeuliza:

"Na huo ulimi, hiyo miaka sita yote, ulikuwa kwa friji ya nani?"

Akaeleza kama anayeeleza watoto. Samaki ukimtoa majini saa hii, ukimwacha juani, jioni umempoteza. Ukimweka barafu unapata siku chache. Wa kugandishwa anakaa miezi, lakini akiyeyuka nyama inalegea, na ukimgandisha tena hana maana. Huo ulimi si wa jana na haujaoza, kwa hivyo kuna mtu aliulinda asubuhi na jioni miaka sita, na mtu wa kulinda kitu hivyo anakijua ni nini. Dogo wa Kakamega akasema lakini mama kule kwenyewe ni friji, nje yote ni barafu. Akamjibu, "Nyathina, kwani huko hakuna wakati jua linarudi?"

Humo ndani ya hadithi Danvers ana mchezo wa kumwambia kijana wake wa kazi kwamba ameuliza swali lisilo sahihi, uliza lingine. Sisi tulikuwa tumeandika lisilo sahihi na tukaliwekea pesa.

Ukichukua hilo la friji ukalipitisha kwa kila jibu, mengine yanaanguka yenyewe. Clark anasimama vizuri kuliko wote. Alikuwa mpenzi wa Annie kwa siri, kwa ile karavani yake walipata vitu vyake na simu yake amehifadhi kama madhabahu, ako na ule mchoro wa mzunguko kifuani, anaishi kwa nyumba ya utafiti ambayo kazi yake yote ni kutoa vitu kwa barafu na kuvihifadhi. Akitaka kugandisha kitu nani atamuuliza? Na usiku wa tukio hakutolewa nje na wenzake, alijificha chini, kwa hivyo alibaki peke yake na nyumba nzima. Watu watatu waliomweka walikuwa na haki ya kuja na mifuko wazi siku ya mwisho.

Lakini kuna hili. Episodi ya sita Clark anashikwa na anaongea. Anaeleza jinsi Annie alivyogundua kwamba wanasayansi walikuwa wanautaka huo uchafu wa mgodi, unawalainishia ardhi iliyoganda wapate vijidudu vyao vya kale, jinsi alivyoharibu kazi yao, jinsi wenzake walivyomshambulia, na tunaonyeshwa vile yeye mwenyewe mpenzi ndiye aliyemmalizia pumzi. Mtu ameshakubali hayo, atakuficha ulimi wa nini? Na ukimwangalia, anaogopa Annie, anaona amerudi, kwake yeye ni Annie ndiye aliyewachukua wenzake. Mtu aliyeweka ulimi chini kwa mkono wake mwenyewe hawezi kutetemeka hivyo. Ama anaweza, watu ni watu. Lakini hakuna aliyetuonyesha.

Halafu ndio ikaja ile saa ya auntie. Mnakumbuka kwa nini anajua? Juu ya episodi ya kwanza. Kuna fujo kule kiwandani wanakopaki kaa wa baharini, mwanaume anampiga mwanamke wake na mwanamke mwingine anampasua huyo mwanaume na ndoo ya chuma, Navarro anakuja kutuliza. Sisi tuliona ni ya kujaza tu. Auntie akasema mtu hawezi kutuonyesha mwanamke na ndoo bure bure. Mwisho wa mambo, alama ya mkono iliyopungua vidole inapatikana kwa ule mlango wa sakafuni wa Tsalal, na huyo wa kupungukiwa vidole ni yule yule aliyekuwa anapigwa. Ni wao. Wanawake wa usafi. Mmoja alikuwa anadeki ndio akaujua ule mlango wa chini, akashuka, akakuta kifaa chenye umbo la nyota linalofanana na majeraha ya Annie, na hakuna aliyekwenda polisi. Walikuja usiku na bunduki wakawatoa wale wanaume wote, kasoro Clark aliyejificha, nje kwa baridi bila nguo, wakasema ya huko nje ni kati yao na yule anayewangoja kule.

Manze kinyozi ilisimama. Auntie hakusimama, alibaki amekaa na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akasema tu, "Karani, soma jina langu."

Na hapo ndio ugomvi. Maana msafishaji aliingia Tsalal usiku ule, hilo halina ubishi, na bunduki, na hasira, na jina la Annie mdomoni. Ni nani mwingine angeacha ulimi kama sahihi? Lakini wanavyosimulia ile usiku yao, na wanaisimulia mwanzo mwisho, ulimi haumo. Hakuna pahali wanasema waliubeba. Na lile la friji linawakataa. Kiwanda cha kaa kina barafu sawa, ningekubali, lakini ulimi ungefika mikononi mwao vipi? Kama aliyeukata ni mtu wa upande wa mgodi, alikuwa nao yeye. Wanawake wenyewe walijua ukweli baada ya kudeki, kabla ya hapo hawakuwa na chochote, wangekuwa na ulimi miaka yote hiyo wangekuwa wamejua mapema. Sajini alisema hiki kitu kizuri sana: mnyororo umekatika katikati, eksibiti imeruka kutoka A hadi D na hakuna sahihi ya B na C, hakimu anaitupa.

Auntie akamwambia, "Mzee, kwani wewe hiyo yote umeshawahi kupeleka mtu kortini ukashinda?" Hapo ndipo salamu zilipoishia.

Wanabaki wa marehemu, na dogo wa Kakamega alikuwa anang'ang'ana kwamba pesa ni yake na mwenzake. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Kama hakuna mtu aliye hai anayetosha, basi ni aliyekufa, na hadithi yenyewe imejaa, mzimu anampeleka mtu mpaka kwenye miili, chungwa linarushwa gizani linarudi, yule dubu wa jicho moja barabarani. Kwa nini mkubali chungwa mkatae ulimi?

Kwa hili nilienda kuuliza jaduong', yaani mzee, mmoja wa kwetu, na jibu lake ndilo limenisaidia kuliko mengine yote. Aliyeuawa kwa dhulma anaweza kurudi, kwetu huyo ni jachien, na akirudi anakuja kwa ndoto, kwa ugonjwa, kwa watoto wa aliyemdhulumu, mtu anaanza kuongea peke yake. Ukiangalia, hivyo ndivyo Annie anavyomjia Clark, vizuri kabisa. Lakini asubuhi ukipata mchanga umerushwa kwa mabati yako, ama jiwe mlangoni, huyo si jachien. Huyo ni jajuok, mkimbiaji wa usiku, na jajuok ni mtu, ana bibi na ng'ombe na mchana mnasalimiana naye sokoni. Dogo mwenyewe anajua, kwao pia wako. Kitu cha kushikika kimeachwa chini, tafuta mkono. Mzee alisema, jachien haleti eksibiti.

Na hapa ndipo nina lawama na hii drama, na mimi niliipenda, niliiona mara mbili. Chungwa sikulidai. Dubu sikumdai, tunajua mtoto wa Danvers aliyefariki alikuwa na mwanasesere wa dubu wa jicho moja, naona kinakuja pale kwa njia yake, sawa. Navarro kama ako hai ama ameenda pale mwisho anapoonekana kwa baraza na Danvers, wacha ibaki hivyo, ni nzuri hivyo, mimi nasema ako hai na sitaki kusikia. Hivyo vyote havikuwahi kupelekwa maabara. Ulimi ulipelekwa. Uliwekwa kwa mfuko, ukapimwa DNA, ukalinganishwa, ukasomwa alama zake za uzi, na ndio uliofungua kesi upya na ndio uliowarudisha wale wanawake wawili kwa meza moja. Umekifanya kitu kuwa cha polisi kwa episodi tano, huwezi kwa ya sita kukirudisha kwa mizimu bila kueleza. Hata ile ripoti ya mwisho wanayoandika, kwamba wanaume wale walikufa na maporomoko ya theluji, tunajua ni uongo na tunajua ni wa nani na kwa nini. Uongo huo nimeukubali. Ulimi hawakutupatia hata uongo.

Sajini alitaka tungoje, juu siku chache baada ya mwisho ilitangazwa kwamba sizoni ya tano inakuja na mwenye kuitengeneza ni yule yule Issa López. Nilimkatalia. Kila sizoni ni watu wapya na mji mpya, hatuwezi kuweka pesa ya watu miaka tukingoja mtu akumbuke ulimi.

Kwa hivyo niliamua hivi, na niliusoma Jumatatu ya kwanza ya Machi, stima ikiwa imepotea, mwenye kinyozi akinishikia tochi ya simu. Kwamba aliyeweka ni mtu na si marehemu. Kwamba kati ya majina tuliyonayo Clark ndiye wa karibu lakini hakuthibitishwa, msafishaji alikuwa pale lakini hakuunganishwa. Kwamba swali lenyewe tuliliandika vibaya. Kila mtu achukue 200 yake, na auntie alipiwe chapo na maharagwe na wale waliomcheka, juu alijua wauaji wiki ya pili na sisi tulikuwa tunaangalia sura ya Hank.

Watu wakapanga laini wakachukua. Dogo akachukua akinuna. Sajini alihesabu yake mara mbili, na ni noti moja.

Auntie hakuinuka. Akasema, "Karani, umeandika vizuri. Mkono wa mtu, friji ya mtu. Sasa hapo Tsalal, friji ilikuwa inaoshwa na nani?"

Hiyo nilikuwa sijaiweka. Chapo alikula, lakini mia mbili yake alikataa kushika, bado iko kwa ile boksi ya mashine, juu ya kile kipande cha kartoni nilichoandika MSAFISHAJI.